Ziara ya Gerezani Tuliyoifanya kwa Karatasi

Nililetewa mafaili yale juu ya toroli la kubebea viti, na kabla sijafungua hata moja nilijua yametoka wapi, kwa sababu yalinuka mafuta ya chipsi. Stoo ya kozi ilikuwa nyuma ya jiko la kantini, na kwa miaka kadhaa mvuke wa kikaango ulikuwa umeingia kwenye kila karatasi iliyothibitisha kwamba chuo chetu kinafundisha. Nilikaa nayo wiki tatu. Hadi leo mtu akikaanga kwa mafuta ya jana, mimi huona jedwali lenye safu tano, na hamu ya kula hunitoka.

Chuo kilikuwa Digbeth, mtaa wa Birmingham, Uingereza, hatua chache kutoka stesheni ya mabasi ya safari ndefu. Msinielewe vibaya, hakikuwa chuo kikuu. Kilikuwa chuo cha watu wa mjini. Ghorofa ya chini walifundisha kusuka na kukata nywele, ya pili walifundisha Kiingereza kwa wageni, na ya tatu ndiko tulikokuwa sisi wa Haki ya Jinai, kozi ya mwaka mmoja kwa watu wazima waliotaka kazi polisi, mahakamani au magereza. Mimi nilifundisha sosholojia ya uhalifu. Nilikuwa na shahada mbili na saa sita za kazi kwa wiki, na mtu mwenye hesabu ya namna hiyo hukubali kufanya chochote.

Ndiyo maana mkuu wa idara aliponiita ofisini na kuniambia kwamba amenichagua mimi kufanya tathmini ya kozi, nilifurahi kama mjinga. Alikuwa mwanamke nadhifu, mpole, mwenye bakuli la peremende mezani. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu nimejaribu kwa miaka mingi kumfanya awe mbaya kichwani mwangu nikashindwa.

"Wakaguzi wanakuja baada ya Pasaka," akasema. "Nataka tathmini ya kweli. Usituonee haya."

Kisha akanipa karatasi yenye udhaifu wa kozi, ukiwa tayari umeshaandikwa. Ulikuwa udhaifu wa aina tatu. Matangazo kwenye ubao wa ukumbini hayabadilishwi mara kwa mara. Projekta ya chumba cha pili haiangazi vizuri. Baadhi ya wanafunzi huchelewa kwa sababu ya mabasi. Pembeni ya kila kasoro palikuwa na hatua iliyokwisha kuchukuliwa. Kumbe hata kasoro huchaguliwa, kama watu wanavyochagua nguo ya kupigia picha.

"Na sifa zetu ni zipi?" nikauliza.

"Ziara ya gerezani," akajibu bila kufikiri. "Vyuo vingine havina. Ziara ndiyo itakayotupandisha daraja."

Nikaanza na ziara, basi. Katika kila faili palikuwa na sehemu ya ziara, na katika sehemu hiyo mwanafunzi alitakiwa kueleza alichokiona na alichokihisi. La kwanza nililolisoma lilikuwa la fundi magari kutoka Saltley. Aliandika kwamba mvua ilikuwa ikinyesha walipofika, na kwamba alipopita lango kuu alihisi hofu kidogo, lakini baadaye akajawa na heshima kwa maafisa wanaofanya kazi hii ngumu. Nikasema moyoni, vizuri, kijana ana hisia. La pili lilikuwa la bibi mmoja aliyestaafu uuguzi. Naye alihisi hofu kidogo, kisha akajawa na heshima kwa maafisa wanaofanya kazi hii ngumu. Wa tatu hofu kidogo. Wa nne hofu kidogo. Darasa zima, vijana kwa wazee, waliogopa kwa kipimo kimoja na kuheshimu kwa maneno yale yale, na mvua iliwanyeshea wote. Mvua haikunishtua. Birmingham mvua haithibitishi kitu.

Nilikwenda kwenye madodoso ambayo wanafunzi walijaza kuhusu kozi. Huko nako kila mtu alikuwa ameweka alama ya vema kwenye "bora kabisa", kuanzia mkufunzi hadi vyoo, na vyoo vya ghorofa ya tatu nilivijua. Hilo nalo sikulishangaa. Mimi nilikulia Morogoro, na mkaguzi wa shule alipotuuliza kama tunafundishwa vizuri tulipaza sauti "Ndiyooo!" huku mwalimu amesimama nyuma yetu. Kumwandikia mwalimu alama mbaya na kumkabidhi mkononi, kwa wengi wetu, ni utovu wa adabu. Wengi katika darasa lile walikuwa watu wa malezi ya aina hiyo, hata kama walitoka pande tofauti za dunia.

Hapo ndipo elimu yangu ilipoanza kunidanganya. Niliona kwamba tatizo ni lugha na mazingira, na kwamba mimi, mtaalamu, nina dawa yake. Darasani kulikuwa na wanafunzi wawili wanaojua Kiswahili. Mmoja alikuwa dereva wa teksi, Msomali aliyekulia Nairobi. Mwingine alikuwa mama kutoka Uvira, mashariki ya Kongo, aliyekuwa akisafisha wodi za hospitali tangu afike nchi hii. Nikawaalika chai kantini, nje ya masomo, bila fomu, tuongee kama watu. Niliona fahari sana kwa mbinu hiyo. Nilikuwa hata nimeshaipa jina la kitaalamu.

Kantini ilikuwa kama kawaida, meza zikinata. Nikaagiza chai, nikaanza kwa mzaha.

"Haya, niambieni, mlipopita lango kuu mlihisi hofu?"

"Mwalimu, mimi hofu nilisikia," akasema dereva. "Lakini ya tikiti ya kupaki, ile faini. Hapo nje nimeacha gari kwa laini ya manjano."

"Siulizi leo. Nauliza siku ya ziara."

Wakatazamana. Dereva akacheka, akasukuma kikombe pembeni.

"Wacha mchezo, mwalimu. Tulienda wapi? Tuliwekewa DVD. Na hiyo jela yenyewe ilikuwa ya Amerika, wafungwa wote wamevaa nguo za rangi ya machungwa."

"Hatukuendaka, mwalimu," akasema mama taratibu. "Mkufunzi alisema, wakaguzi wanakuja, muandike tu, tutaenda kiisha. Tukangoja. Kiisha yake haikufika."

"Na ile hofu kidogo?"

"Aliandika ku tableau, ku ubao, tukakopia."

Mkufunzi huyo alikuwa polisi mstaafu. Kila muhula alifundisha somo la ushahidi, na nilishawahi kumsikia kupitia ukutani akiwaambia wanafunzi, kwa sauti ya kutetemesha vioo, kwamba afisa anayeandika asichokiona ni mchafu kuliko mwizi.

Nilicheka sana. Naungama hilo. Mambo yalinipendeza jinsi yalivyopangana. Mama hakucheka.

"Mi ile ziara niliitaka," akasema.

"Mama naye," dereva akadakia. "Watu wanakimbia jela, yeye anapanga foleni."

"Nyamaza, Msomali. Wewe hata njia ya Saltley unauliza abiria."

Kisha akanigeukia, akaniambia kisa chake kwa maneno machache. Kule Uvira mume wake aliwekwa gerezani, na kwa miezi yeye alimpelekea chakula kila siku, hadi siku alipoambiwa asilete tena. Getini pale walikuwepo askari wengi waliopokea sahani kwa kuisukuma kwa mguu. Mmoja alikuwa akiipokea kwa mikono miwili.

"Ule mmoja," akasema. "Mi nataka niwe kama ule mmoja. Hapa magereza wanaandika watu kazi, karatasi zangu ziko sawa, mtihani nitaupita. Lakini sijue kama moyo utaweza. Ile milango, mwalimu. Sijue kama nitaweza kuisikia. Nilitaka niingie saa moja tu, nisikie, nitoke. Moyo ukikataa, nabakia na wodi yangu. Ukikubali, naacha wodi."

Dereva alikuwa ameacha kuchezea kijiko. Akasema tu, "Pole, mama," akaenda kuangalia gari lake.

Nilirudi nikaandika ukurasa. Ulikuwa ukurasa mzuri, Mungu anisamehe, niliusoma kwa sauti peke yangu. Nilieleza kwamba ziara haikufanyika, kwamba hisia zilinakiliwa kutoka ubaoni, na kwamba kwa angalau mwanafunzi mmoja ziara hiyo haikuwa pambo la kozi bali njia ya kuamua maisha. Nikapendekeza ifanyike mara moja. Na kwa kuwa mimi ni mtu niliyefundishwa maadili ya utafiti, sikutaja jina la mtu. Niliandika "mwanafunzi mmoja wa kike kutoka mashariki ya Kongo". Alikuwa ndiye pekee darasani. Alikuwa ndiye pekee kwenye ghorofa. Ningeandika namba ya nyumba yake nisingemficha vibaya zaidi ya hapo.

Mkuu wa idara aliniita siku ya pili yake. Ripoti ilikuwa mezani, imefunguliwa ukurasa ule, na kando yake karatasi moja ndani ya plastiki.

"Umeandika vizuri," akasema. "Una kipaji. Sasa angalia hii."

Ilikuwa fomu ya mahudhurio ya ziara. Sahihi za wanafunzi zilipangana chini kwa chini, ya mama ikiwa ya nne, imeandikwa kwa uangalifu wa mtu anayeheshimu kalamu. Chini kabisa palikuwa na mstari wa mwalimu aliyefuatana nao. Palikuwa na sahihi yangu.

Nilikumbuka mara moja. Ijumaa moja mchana mkufunzi alinikuta nikivaa koti, akaniwekea rundo la fomu juu ya kabati la mafaili, akasema ni za kawaida, akaninunulia biskuti. Nilitia sahihi zote nimesimama, bila kusoma hata kichwa cha habari, biskuti mdomoni. Mimi ambaye nilikuwa nimewapa wanafunzi kurasa kumi na mbili kuhusu namna taasisi zinavyowafanya watu wa kawaida washiriki katika uovu.

"Kwa hiyo," akasema mkuu wa idara, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "kama ziara haikufanyika, basi wapo watu wametia sahihi hati ya uongo. Wewe ni mmoja. Yeye ni mwingine. Yeye anaomba kazi ya askari magereza. Magereza watatuandikia kutuuliza kuhusu uaminifu wake, nasi itabidi tujibu."

"Unanitisha?"

"Nakueleza utaratibu. Peremende?"

Nikachukua peremende. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe.

Jumamosi nilipanda basi hadi Winson Green kumwona mama. Mtoto wake alinifungulia mlango, nikamsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama yuko jikoni. Nyumba ilikuwa katika safu ya matofali mekundu, na mwisho wa mtaa ule ukuta wa gereza ulionekana wazi. Alikuwa akiupita kila asubuhi akienda kazini. Nilimweleza yote, fomu, sahihi yake, sahihi yangu, barua itakayokuja. Nikamaliza kwa kusema kwamba naweza kuutoa ukurasa ule ili asidhurike, na nilisema kwa sauti ya mtu anayejitolea.

Alifuta mikono kwa kanga.

"Ukurasa ni yako, mwalimu. Toa, bakisha, mi sina haja nayo. Mi sikukuombaka uandike. Nilikuombaka niende."

"Nitamwambia mkuu wa idara."

"Gereza iko pale." Akaonyesha kwa kidevu, kupitia dirisha. "Hata basi haitaki. Saa moja."

Jumatatu nilimwambia mkuu wa idara. Tuache maneno yote, nikasema, tuandike barua leo, tuombe ziara, tuwapeleke watu hawa kabla mwaka haujaisha. Nilidhani nimepata njia ya kumridhisha kila mtu. Alinisikiliza kwa huruma ya kweli.

"Haiwezekani," akasema. "Ziara imeshaandikwa kwamba imefanyika. Tukiomba sasa, barua ya kuomba itakaa ndani ya faili, na tarehe yake itakuwa ya baada ya ziara. Mkaguzi yeyote ataiona. Kuomba ni kukiri."

"Kwa hiyo hawawezi kwenda kwa sababu wamekwishaenda."

"Mwaka ujao," akasema. "Kundi jipya. Hilo liandike kwenye mapendekezo."

Ningependa kuwaambia kwamba niligonga meza. Niliuliza kama ripoti iliyosahihishwa inatakiwa Jumatano au Alhamisi. Nikautoa ukurasa. Mahali pake nikaweka aya kuhusu ubao wa matangazo, na kwa kuwa siwezi kuandika aya mbaya hata nikiwa naficha maiti, ilikuwa aya nzuri pia. Nilijiambia kwamba ninamlinda mama. Nilijiambia mara nyingi, kila siku kwa maneno mapya, na kila mara nilijisikia kama mtu aliyepiga mswaki kwa maji ya mtaro.

Wakaguzi walikuja. Walikaa siku tatu, walikula sandwichi, na walisifu kwa namna ya pekee "kina cha tafakuri ya wanafunzi baada ya ziara". Daraja likapanda. Mkufunzi aliwapa mkono mmoja mmoja. Mimi niliongezewa saa, zikawa kumi na mbili, na sikuzikataa. Nilikuwa na umri wa kuzikataa, lakini sikuwa na mtu niliyetaka anione nikizikataa.

Mama alifaulu. Barua ya chuo kuhusu tabia yake ilikuwa safi kabisa, mimi ndiye niliyeiandika. Akaitwa, akasailiwa, akapata. Akaaga wodini, wakamfanyia keki, na nafasi yake wakampa mwingine wiki ile ile. Habari hizo nilizipata kwa dereva, aliyeniita siku moja barabarani huku akiwa kwenye foleni ya taa.

"Mwalimu! Yule mama ameingia jela!"

"Alhamdulillahi, ameanza kazi?"

"Ameanza, amemaliza. Siku ya tatu." Taa zikawaka kijani, wa nyuma wakaanza kupiga honi, naye hakujali. "Siku mbili walikuwa kwa darasa, sawa. Siku ya tatu wakawapeleka ndani kwa wafungwa. Mlango wa kwanza akavumilia. Wa pili ukafungwa nyuma yake akakaa chini. Chini kwa sakafu, mwalimu, na yunifomu. Wakamletea maji, wakamwambia apumzike, arudi kesho. Amekataa. Anasema hawezi, na ni kitu angejua kwa saa moja." Akaweka gia. "Wodi wamekataa kumrudisha. Sasa ni vibarua tu, leo hapa, kesho pale."

Akaondoka. Nilisimama pale hadi basi langu likapita.

Septemba ilifika, na siku ya kuandikisha wapya. Nilipangwa kwenye meza ya Haki ya Jinai, ukumbini, na rundo la vipeperushi vyenye picha ya lango la gereza na maneno makubwa kuhusu ziara. Kilikuwa kipeperushi cha kung'aa, kilichapishwa upya baada ya kupanda daraja. Watu walikuwa wengi. Foleni ilianzia kwangu ikapita meza ya wasusi hadi mlangoni.

Mama aliingia kwa mlango huo. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, mkoba kwapani. Hakuja kwangu. Alianza na mtu wa mwisho kwenye foleni, akamwambia kitu kwa Kiingereza chake, polepole, kisha akasogea kwa aliyefuata. Nilimsikia alipokaribia. Alikuwa akisema neno lile lile kwa kila mmoja: ulizeni ziara ni lini, na musiandike kitu mbele ya kuenda.

Mkuu wa idara alinijia kutoka nyuma, akanishika kiwiko.

"Anafanya nini? Zungumza naye. Ninyi lugha yenu moja."

Nikatoka nyuma ya meza. Ujasiri wangu wote, baada ya majira yote yale ya joto niliyoyatumia kujiandaa kimawazo, ulikuwa kumvutia kiti.

"Mama, karibu ukae."

"Sikuja kukaa, mwalimu."

Akasogea kwa aliyefuata, msichana mmoja aliyekuwa mbele kabisa, fomu mkononi. Msichana akamsikiliza, akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na vipeperushi.

"Samahani," akasema. "Hii ziara ni lini?"

Mkuu wa idara alikuwa bado amesimama nyuma yangu. Nilisikia harufu ya peremende. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sentensi iliyotoka haikuwa nzuri.

"Haipo," nikasema. "Mwaka jana haikuwepo. Tuliandika tu. Hata mimi."

Nilikuwa nimeisema chini chini, kama mtu anayeomba chumvi. Msichana alisikia. Mkuu wa idara alisikia, akaondoa mkono wake kwenye kiwiko changu. Mama akanitazama, akaitazama foleni iliyojikunja hadi mlangoni.

"Sema kwa nguvu, mwalimu," akasema. "Wale wa nyuma hawasikie."

Nikarudia.